Mbao za Kitanda cha Filomena

Fransis hakuwa fundi seremala, na ukimwita hivyo alikuwa akikukatalia kwa kicheko. Kazi yake ilikuwa ukarani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Chang'ombe, kimojawapo cha vile vilivyotaifishwa baada ya Azimio vikapata jina jipya na kubaki na mashine zilezile. Useremala ulikuwa ugonjwa wake tu. Akirudi kutoka kazini alivua shati, akanywa maji, na kabla hujamuuliza habari za huko ameshashika randa. Ua mzima ulijaa maranda, na kuku wa mkewe walitagia humo.

Mkewe, Filomena, alitoka naye Masasi akiwa na ahadi moja: kitanda. Kitanda cha mninga, chenye ubao wa kichwani uliochongwa maua, cha kulala mtu akanyoosha mgongo. Mgongo ulimsumbua tangu alipomzaa binti yao Adelina, na kitanda cha kamba walicholalia kilikuwa kimebonyea katikati kama beleko. Kila asubuhi aliinuka kwa kushika ukuta. Fransis aliona hayo kila siku, na ndiyo maana kila ubao mzuri alioupata aliupandisha juu ya boriti za nyumba ukauke. Ubao mbichi ukiufanyia haraka hujipinda, ukakuumbua mbele za watu.

Lakini mtaa ukishajua una mbao, mbao si zako tena. Miaka ile ya baada ya vita, kupata ubao kulikuwa kama kupata sabuni: unasikia zimefika Buguruni, ukifika unakuta watu wanatawanyika. Na watu hawakungoja mbao zije ndipo wafe. Akifa Mkristo, linatakiwa jeneza. Akifa Mwislamu, jeneza la msikiti lipo, ila zinatakiwa mbao za kumfunika mle kaburini udongo usimwangukie. Wote waliijua njia ya kwa Fransis. Wakibisha hodi na kusimama kimya, yeye mwenyewe alikwenda kuchukua ngazi. Hakuwa mkono wa birika hata kidogo. Filomena alikitazama kitanda chake kikizikwa kipande kwa kipande, na mwanzoni alitania, "Haya, na huyo anayekwenda kulala naye ana mgongo."

Kisha utani ukamwisha. Asubuhi moja alishindwa kuinuka, akalia kwa sauti, mtu mzima. "Mie kitanda sikitaki tena, Fransis. Nisikusikie unakitaja." Maneno yale yalimkata maini. Siku hiyohiyo alishusha mbao zote zilizobaki, akaapa kwamba hizi haziendi popote.

Alikuwa bado anazipima Bakari alipobisha hodi. Bakari alikaa nyumba ya pili, na mama yake, Bi Hija, ndiye aliyemkanda Filomena maji ya moto alipojifungua. Kitoto cha kike cha Bakari kilikuwa kimefariki asubuhi ile kwa surua.

"Shikamoo, Baba Adelina. Nimekuja kwako. Mbao fupi tu, mtoto mwenyewe unamjua."

Fransis alizitazama mbao, akalitazama dirisha la chumba alimolala mkewe. Mdomo ukawahi.

"Hizi bado mbichi, Bakari. Zitajipinda."

Mbao za kaburi! Nani aliyewahi kurudi huko kukagua kama zimejipinda? Hayo ni maneno ya kumwambia mtu aliyeagiza kabati, si baba aliyefiwa. Fransis aliyasikia yakitoka akatamani kuyameza. Lakini Bakari alishaitikia kwa kichwa, akasema, "Haya, baba, nashukuru," akaondoka. Ua wenyewe mdogo, angeweza kumwita asipaze hata sauti. Hakumwita.

Kitanda kikatoka, na kilitoka kitanda kweli. Filomena alikilalia, asubuhi akainuka bila kushika ukuta, akacheka peke yake. Furaha hiyo haikufika mbali. Alikwenda kumjulia hali Bi Hija, akakuta jiko la Bakari limezibwa kwa gunia, akauliza mlango umekwenda wapi. Bi Hija alimjibu bila hasira kwamba waliung'oa wakamfunikia mtoto, kwa kuwa mbao za Fransis zilikuwa mbichi.

Filomena alirudi, akakunja shuka zake, akakirudia kitanda cha kamba. "Kile si changu," alisema. "Kile ni cha mtoto wa watu."

Tangu hapo hakuna aliyekuja kuomba mbao. Shikamoo alipewa, harusini alialikwa, lakini msiba ukitokea vijana walipita mbele ya nyumba yake wakienda mbali kutafuta. Alizijaza boriti mbao nyingine, zikakauka mpaka zikalia ukizigonga, na yeye aliketi uani akingoja hodi. Randa ilianza kushika kutu. Alijichukia, na hakuna hata mtu mmoja aliyemsaidia kwa kumtukana.

Gunia la Bakari lilikaa muda mrefu, hadi alipopata mlango mwingine. Kisha Bi Hija naye akafa.

Fransis hakugusa mbao za juu ya boriti. Alikiendea kitanda. Viungo vyake alikuwa amevikaza vizuri mno, vikakataa kuachia, ikabidi avikate kwa msumeno. Filomena alimshikia upande wa pili. Alikata mbao kwa kipimo cha kaburi la mtu mzima, akazibeba begani mpaka kwa Bakari, akazitua mbele ya wanaume waliokaa mkekani.

Bakari aliinuka kwa heshima. Akapitisha kiganja juu ya ubao, ubao mkavu, uliolala juu ya boriti miaka, uliopigwa msasa ukang'aa.

"Tunashukuru, Baba Adelina," alisema kwa upole. "Lakini hizi bado mbichi."

Wakamsogezea nafasi akae, wakampa kahawa. Pale alipokaa aliliona jiko la Bakari. Mlango mpya ulikuwa umeshang'olewa.