Sentensi Aliyokubali Itolewe

Shakuntala alifundisha Kiingereza miaka ishirini na sita katika shule moja ya upili mjini Nakuru, na siku alipostaafu alidhani kazi ya kalamu imekwisha. Alihamia ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake, Jaswant, akawa anashinda akisikiliza mabati yakipakuliwa. Mwaka haukuisha kabla mpwa wake hajamtafutia kibarua cha kuiandikia kampuni moja ya uwekezaji iliyokuwa Nairobi.

Kazi yenyewe ilikuwa blogu, ila haikuandikiwa wenye pesa. Iliandikiwa washauri wa fedha, wale wanaozunguka mashambani na maofisini wakiwaambia watu waweke akiba yao wapi. Kampuni ilijua kwamba ukimpata mshauri mmoja umewapata wateja wake wote. Basi kila Jumanne Shakuntala aliwaandikia habari za riba, hati fungani za serikali na mifuko mipya ya uwekezaji ya kampuni. Alikuwa na kipaji cha kulieleza jambo gumu likaingia kichwani kama maongezi ya jikoni.

Siku moja alipigiwa simu na Chepngeno, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa mshauri wa fedha huko Molo.

"Madam, kumbe hii blogu ni wewe! Basi mimi nikisoma kitu umeandika, sina haja ya kuuliza mtu mwingine."

Shakuntala alicheka. Mwalimu gani hapendi kuambiwa hivyo?

Mwezi wa Agosti kampuni ikaanzisha mfuko wa kujenga nyumba za kupangisha. Faida yake ilizidi ya benki, ila pesa zikishaingia hazikutoka kabla ya miaka miwili, hata mtu augue, hata afiwe. Shakuntala alieleza yote mazuri ya mfuko ule, kisha akamalizia kwa sentensi iliyosimama peke yake: "Mteja anayezihitaji pesa zake msimu ujao, asiziweke hapa."

Masinde, mhariri wa kampuni, akapiga simu mchana huo.

"Mwalimu, makala iko sawa kabisa. Lakini hiyo sentensi ya mwisho itatisha watu."

"Si ni ukweli?"

"Ni ukweli, na uko kwenye fomu, ukurasa wa kumi na moja. Mshauri ni mtu mzima, atasoma fomu. Tuitoe tu."

Angeweza kukataa. Maishani mwake alikuwa amerudisha insha maelfu bila huruma. Lakini chakula kilikuwa kinapoa mezani, na Masinde alikuwa kijana wa heshima, hajawahi kumpandishia sauti. "Haya, itoe," alisema, akaenda kula.

Februari Chepngeno alipiga tena. Safari hii hakuwa na kicheko. "Madam, kuna mzee nataka umwone." Kesho yake alimfuata Nakuru kwa gari lake dogo, wakashika njia ya Kuresoi.

Njiani alimweleza. Mzee Kipchoge alikuwa ameuza viazi vizuri, akataka mahali pa kuweka pesa za mbegu hadi mvua za Machi.

"Nilimsomea makala yako yote, neno kwa neno."

"Na fomu?"

"Fomu nilipitisha macho tu." Chepngeno hakuondoa macho barabarani. "Ningesoma fomu ya nini, Madam, na wewe ulikuwa umeshaandika?"

Wakati wa kununua mbegu ulipofika, Kipchoge aliambiwa asubiri hadi miaka miwili itimie. Hakutaka mkopo, baba yake alikuwa amepoteza shamba kwa mkopo. Akalikodisha shamba kwa mfanyabiashara wa Elburgon. Walimkuta humo humo ameshika jembe, akichimba mitaro ya viazi vya mtu mwingine, kwa ujira wa kutwa.

"Karibu, mwalimu," alisema akipangusa mikono. "Huyu amenisomea maneno yako. Yalikuwa maneno mazuri."

"Mzee, kuna neno moja lilitolewa."

"Lilisemaje?"

Shakuntala alilitamka. Kipchoge alilisikiliza hadi mwisho, akaitazama mitaro.

"Na wewe ulijua limetolewa?"

"Niliulizwa, mzee. Nikasema litolewe."

"Ungeliacha," alisema, bila hasira. "Ningelisikia."

Jioni hiyo Shakuntala alifungua blogu, akairudisha sentensi, safari hii juu kabisa, na chini yake akaandika: "Hii ilikuwepo tangu mwanzo. Nilikubali iondolewe, na nilikosea." Makala ilikaa hivyo hadi saa sita mchana wa kesho yake. Washauri watatu waliandika kuuliza; mmoja wao, wa Longonot, alisema amemzuia mteja aliyekuwa karibu kutia sahihi. Kisha ukurasa ukaondolewa. Masinde akapiga simu: "Mwalimu, umeniweka pabaya." Kazi ikaishia hapo.

Miaka miwili ilipotimia, Kipchoge alilipwa pesa zake zote na faida juu. Hakuna aliyeibiwa. Ndiyo maana Jaswant hakuwahi kumwelewa dada yake. "Pesa si zilirudi? Sasa unajisumbulia nini?" Shakuntala angejaribu kumweleza maana ya kukosa misimu minne ya kupanda kwa mkulima wa miaka sitini na minane, angefika katikati, akaenda kuinjika chai.

Chepngeno aliacha ushauri, akafungua duka la mbolea na mbegu Molo. Walikutana mara moja tu, sokoni Nakuru. Chepngeno alimpa mkono kwa adabu ile ile ya shuleni, akamuuliza kama magoti bado yanamsumbua, na habari za kaka yake, akasema amechelewa. Shakuntala alikuwa na maneno aliyoyatayarisha mwaka mzima. Alipofungua kinywa, mwanafunzi wake alikuwa ameshavuka barabara, na mwenye kibanda cha mboga alikuwa akimuuliza kama anataka spinachi au sukuma.