Kalamu na Karamu

Niliingia katika ile hospitali ya watoto nikiwa nimejiandaa kwa vita. Mwalimu wa chekechea alikuwa ameniambia, tena mbele ya wazazi wengine, kwamba binti yangu hasikii, na kwamba afadhali nimtafutie nafasi mapema katika shule ya bweni ya viziwi. Mtoto ambaye bado alikuwa analala na kona ya leso yangu mkononi, apelekwe bweni! Nilimjibu kwamba mtoto wangu anasikia vizuri kabisa, ila hapendi kusumbuliwa, kama baba yake. Mwalimu akasema basi nimletee barua ya daktari wa masikio. Nikamwambia nitaileta, na nitamsomea mwenyewe kwa sauti.

Nyumbani hakuna aliyekuwa na shaka. Baba yake alicheka tu. "Huyo anasikianga akitaka," alisema. Mimi nami nilikuwa nimeshampima kwa njia yangu. Nilisimama nyuma yake jikoni nikaangusha kifuniko cha sufuria kubwa sakafuni. Akaruka, akageuka. Kiziwi gani anaruka hivyo? Na tukiongea, anajibu. Nikimtuma maji, analeta. Nikimgombeza, analia. Nilikuwa na ushahidi wa kumfunga mwalimu yule kifungo cha maisha.

Tulikaa kwenye benchi hadi mvua yetu ya mchana ikaanza kupiga mabati. Muuguzi akatokea mlangoni akaita jina la binti yangu. Mimi nilisikia. Yeye alikuwa ameinama akichezea kifungo cha kiatu chake, na hakuinua kichwa. Nilimgusa bega haraka, kabla muuguzi hajaita mara ya pili. Ni mvua, nilijiambia, na hawa watoto wanaolia.

Chumba cha daktari kilikuwa kimefunikwa sponji ukutani, na mlango ulipofungwa, mvua ikakatika kama redio iliyozimwa. Daktari alikuwa kijana mpole wa kutoka pwani, Kiswahili chake kimepigwa pasi kila herufi. Alimketisha binti yangu mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Tutacheza mchezo," alimwambia. "Mimi nasema neno, nawe unalirudia. Haya. Baba."

"Baba."

"Meza."

"Meza."

Nilivuta pumzi. Mwalimu angekuwepo hapo ningemkonyeza.

"Kalamu."

"Karamu."

"Rula."

"Lula."

"Lori."

"Rori," alisema binti yangu, kwa fahari. Daktari akainama akaandika. Kila neno, akaandika tena. Nilijizuia nikashindwa.

"Daktari, unaandika nini hapo?"

"Kuna sauti hazimfikii sawasawa, mama. Ni dalili."

"Dalili ya nini? Hebu niulize mimi."

"Mama, tumwache mtoto kwanza..."

"Niulize!"

Akaniangalia, akaona siondoki kwenye hilo. "Kalamu," akasema.

Mimi naishi kwa kuandika. Herufi hizo mbili, l na r, nimezitenganisha kwa jasho, darasani, nikichekwa. Siku hiyo niliuachilia ulimi wangu ule niliozaliwa nao. "Karamu," nikamwambia. "Na ile ya kubeba miwa ikipita kwetu tunaitanga rori. Nyanya yake anasema rori. Pasta wetu anasema rori, na anahubiri bila maikrofoni. Sasa sisi wote tuko na masikio mbaya?"

Daktari akacheka hadi akavua miwani. Alichukua kalamu yake akayafuta yale yote aliyoyaandika. "Umenishinda, mama," akasema. "Mimi ni mgeni huku. Hapo nimekosea."

Nilifurahi vibaya sana. Binti yangu alituona tunacheka, naye akacheka. Nilikuwa tayari nimeshaiona sura ya mwalimu akipokea barua yangu.

"Tumalizie tu," daktari akasema. Akachukua faili la mtoto akaliinua hadi likamfunika mdomo. "Baba."

Nililisikia vizuri. Binti yangu alikaa kimya, mikono juu ya magoti, akisubiri kwa adabu mchezo uanze.

"Meza," daktari akasema nyuma ya faili.

Mtoto akainamisha kichwa upande mmoja, achungulie pembeni ya faili. Daktari akalisogeza upande huohuo. Akapandisha sauti.

"Kalamu."

Hakuna kitu.

Daktari hakulishusha faili. Alinigeuzia macho. "Mama, nyumbani ukimwita akiwa amekupa mgongo, anaitika?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nikamweleza habari ya kifuniko cha sufuria, na nilijisikia ninavyoongea haraka.

"Kishindo anakipata," akasema taratibu. "Maneno ndiyo hayapati. Anayasoma midomoni, na ana akili sana, ndiyo maana hamjajua."

Nilitafuta mara moja tu, moja, aliyowahi kunijibu bila kuniona. Jikoni hukaa amenielekea. Shambani hunitangulia kinyumenyume, na sisi humcheka. Taa ikizimwa namwambia alale salama, hajibu, nami hujisemea mtoto huyu ana baraka ya usingizi.

"Tujaribu mara ya mwisho," daktari akasema, akamgeukia tena. "Kalamu."

Binti yangu aliliangalia faili. Kisha akageuka kwangu. Hakunitazama machoni. Alinitazama mdomo, akangoja, akiwa na hakika kwamba nitamsaidia.

Daktari alikuwa anamwangalia yeye, si mimi. Neno nilikuwa nalo. Halikuhitaji hata sauti, midomo tu ingetosha, angelisema, na ningerudi nyumbani na barua yangu na mtoto wangu. Nilitaka kufanya hivyo, Mungu anajua. Midomo ilikuwa imeshaanza kusogea. Nikajiziba kwa kiganja.

Akakunja uso. Akashuka kwenye kiti, akaja hadi nilipokuwa, akashika vidole vyangu akaanza kuvivuta kimoja kimoja.

"Mama," akasema, "toa mkono nisikie."