Pesa za Daraja Zilizotengwa

Majina yao wote ninayakumbuka: aliyeshika kipaza sauti, aliyetoa lori, aliyekaa kiti cha mbele na aliyesimama kwa matope. Sitayaandika. Wengine bado wako hai, na watoto wa wale wengine hunisalimia kanisani. Aliyeomba kura zetu nitamwita mheshimiwa tu, ndivyo alivyotuzoesha.

Mara ya kwanza kuomba kura alikuwa kijana mwembamba mwenye gari la kuazima. Pesa zake zilikuwa sisi akina mama. Tulimpa mayai, ndizi, jogoo, na tukamwimbia hadi sauti zikakauka. Walioanzisha nyimbo ni mimi na rafiki yangu. Tuliolewa msimu mmoja wa kahawa, yeye ng'ambo ya mto, mimi huku, na kwa kuwa tu rika moja tuliitana wakini. Nikikosa chumvi nilimwita kutoka shambani kwangu, akaitikia kutoka kwake. Nikitaka kumwona nilishuka bondeni, nikakanyaga mawe ya mto, nikapanda.

Huyo kijana akatuuliza tunataka nini.

"Daraja, baba," rafiki yangu akamwambia. "Hata la mbao. Huyu mwenzangu ataanguka mtoni siku moja, na mimi sijui kuogelea."

Watu wakacheka. Akaahidi. Akashinda.

Uchaguzi uliofuata hakuhitaji jogoo wetu. Alikuja na msururu wa magari, na pamoja naye tajiri wa machimbo ya mawe, ambaye ndiye aliyelipia mafuta na fulana. Daraja likajengwa, ndiyo, la saruji, lakini mbali huko chini karibu na machimbo, la kupitisha malori. Sisi tukaitwa mkutanoni Gakindu, tukaambiwa, "Pesa za daraja lenu zimetengwa."

Mimi shule niliiacha mapema. Neno kutengwa nililijua la kanisani tu. Kwetu aliyetenda dhambi hutengwa: anakaa nyuma, hapewi meza ya Bwana mpaka atubu. Nikamnong'oneza rafiki yangu, "Wakini, kwani hizo pesa zimefanya nini mbaya?"

"Labda zimepata mimba."

Tulicheka mpaka askari akatukodolea macho. Baadaye mzee wa kanisa alinieleza kwamba ni kuwekwa kando kwa kazi moja. Nikaelewa, lakini mzaha hatukuuacha. Kila redio iliposema zimetengwa tena, nilisikia sauti yake kutoka ng'ambo: "Bado hazijatubu!"

Mheshimiwa akaacha ubunge akawa seneta. Nywele zake zilibaki nyeusi, zetu zikawa nyeupe. Nilimzika mume wangu, watoto wakaenda kutafuta kazi, nikaanza kupika chakula cha mtu mmoja, na kila siku kikabaki. Magoti yangu yakakataa bonde. Kuzunguka kwa barabara ni pikipiki, na pikipiki inanivunja mgongo. Halafu masikio ya rafiki yangu yakafa, nikawa naita haitikii. Tukabaki kupungiana vitambaa vya kichwa, mimi changu, yeye chake. Kuna siku hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu yote.

Mwaka jana, ati mafundi wakaja kweli. Daraja la nyaya na mbao. Nilikuwa natoka kuwaangalia kila asubuhi, nikihesabu nitamwambia nini kwanza. Wakati huo kitambaa cha ng'ambo kikaacha kuonekana. Nikajiambia ni baridi ya Julai, ukungu hauondoki bondeni.

Siku ya kufungua, seneta alinishika mkono. "Shosho huyu ndiye aliniimbia mwanzo!" Kisha akainama. "Unaitwa nani vile?" Nikamwambia. Akalisema kwa kipaza sauti, akalikosea.

Tukaingia darajani, likitikisika. Katikati akasimama. "Shosho, ngoja kidogo, tupigwe picha."

"Wewe pigwa. Mimi niko na mtu ng'ambo."

Watu wakaangua kicheko. Nikaendelea, nimeshika waya, nikapanda polepole mpaka kwake. Mlango ulikuwa na kufuli. Majani yalikuwa yameota hadi kizingitini.

Jirani yake akatoka akijifuta mikono. "Uui, mama, kwani hukuambiwa? Kijana wake alimchukua akae naye Gatitu. Alikuwa anaanguka-anguka. Siku ya kwenda alisimama hapo na kitambaa muda mrefu, gari likimngoja. Lakini kulikuwa na ukungu."

Akaenda kunitafutia chai. Nikakaa pale mlangoni na kutazama kwangu. Sikujua kwamba kutoka hapa nyumba yangu inaonekana ndogo hivyo. Nikaita kwa sauti yote iliyobaki, kama alivyokuwa akiita yeye: "Wakini! Zimetubu!"

Kule darajani wakapiga makofi. Seneta alikuwa amemaliza kuongea.