Kitufe cha Kuchuchumaa

Mimi hata nikivuka barabara kwenda kununua vocha, nyumbani naaga. Kwa hiyo mama aliposema vyungu alivyoagiza Ikombe viko tayari, na mmoja wetu ashuke Matema akapande mtumbwi kuvifuata, nikamgeukia mdogo wangu wa kike. Tusibishane, nikamwambia, tucheze gemu. Atakayepigwa ndiye aende.

Nilikuwa na haki ya kujiamini. Gemu lenyewe ni lile la zamani la kupigana risasi, ambalo mwili wako huuoni, unaona mikono na bunduki tu. Nililicheza ujana wangu wote kwenye banda moja pale Kyela mjini, na ndiyo maana matokeo yangu ya kidato cha nne huwa nayataja kwa kunong'ona. Sasa wamelitengeneza upya kwa mashine za kisasa. Zamani adui alikuwa kama boksi la sabuni lenye miguu. Siku hizi hata jasho lake unaliona. Kabla ya kuanza yakatokea maelezo ya vitufe. Nikayaruka. Mimi nifundishwe gemu hili?

Skrini ikagawanyika, nusu yangu, nusu yake. Nikamwona anakuja kwenye korido. Nikabonyeza kitufe cha risasi, kilekile cha miaka yote. Bunduki kimya. Ila kuta zikarefuka ghafla.

"Mama, njoo uone!" mdogo wangu akapiga kelele. "Kaka ananisalimia!"

Nikachungulia nusu yake. Askari wangu, na mabomu yake yote kiunoni, alikuwa amechuchumaa mbele ya yule binti kama mkwe anayetambulishwa ukweni. Hao watengenezaji wamehamisha vitufe: palipokuwa pa risasi, wameweka kuchuchumaa.

"Ndaga, mwanangu," mdogo wangu akaniitikia kwa sauti ya bibi kizee, vile wazee wa kwetu wanavyomjibu anayechuchumaa kuwaamkia, kisha akanipasua kichwa.

Kila nilipofufuka, kidole kilikwenda palepale. Nachuchumaa, naitikiwa "Ndaga, mwanangu," nakufa. Mama akaacha kupeta mchele wake, akasimama mlangoni na ungo mkononi.

"Afadhali huyo wa kwenye TV, ana adabu," akasema. "Wewe ukisalimia watu unatikisa kichwa kama mjusi."

Nikaomba turudie, tena nisome yale maelezo kwanza.

"Safari njema, kaka," mdogo wangu akasema, akizima mashine. "Mtumbwini usisimame. Chuchumaa, si umeshazoea?"

Nikaenda. Na kweli nilichuchumaa, nimeng'ang'ania kingo zote mbili, mpaka mpiga kasia akaniuliza, "Braza, unasali au unataka kutapika?"

"Vyote."

Ikombe nilimkuta mama mfinyanzi ana udongo hadi viwikoni. Nikachuchumaa, safari hii kwa hiari yangu.

"Ugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu."

Nikafumba macho kusubiri risasi.