Mpishi Aliyeandikwa Kama Mzigo wa Lori

Siku ya kwanza naingia jikoni kwa hoteli ya madereva wa lori pale Busia, mkubwa wa jiko alinionyesha sufuria ya posho, ugali wa mahindi, pana vile ukiteleza ndani unatokea upande wa Kenya bila kugonga paspoti. Akaniambia, "Kijana, madereva hawangoji. Ugali ukiungua, unaondoka pamoja na moshi wake." Nikakaa pale mpaka nywele zikaisha.

Nyinyi wa gesi mnawasha jiko na kidole. Sisi tulisonga kalo, ule ugali wa wimbi na muhogo, na mwiko mrefu kama nguzo ya stima. Mboga tulilainisha na maji ya majivu: unachoma maganda ya maharage, unachuja majivu yake, maji yanatoka na rangi ya chai. Ukizidisha, mboga inageuka sabuni.

Halafu mpaka ukatengenezwa upya. Zamani lori lililala kwa foleni, dereva anakula kwetu mpaka anajua kuku wote kwa majina. Sasa linapigwa muhuri, linaenda. Wateja wakaisha, bosi akafunga mlango. Na mimi niko na watoto shuleni, kazi najua hiyo moja tu.

Nikasikia hoteli fulani ya Tororo, ile ya vyumba vya kulala, inatafuta mpishi. Lakini wanataka CV. Mimi shule niliipita tu nikienda shamba. Nikaenda kwa Dada Nekesa, anayechapa karatasi za watu wa klia, hao wanaopitisha mizigo forodhani.

"Nekesa, nichapie CV."

"Mzee Ouma, mimi nachapa saruji na mchele. Mtu sijawahi chapa."

"Basi nichape kama mchele."

Akanichapa kama mchele kweli. Akauliza, hata hacheki, "Mzigo umetoka wapi?"

"Lunyo."

"Mpya ama umetumika?"

"Umetumika sana."

"Kasoro? Sema yote, mzee. Wakigundua wenyewe, mzigo unarudishwa."

Nikasema keki sijui, tambi inanishinda, na samaki aliyelala, yule wa jana, sigusi hata bosi apige magoti. Akachapa yote. Nikaenda Tororo na roho mkononi.

Meneja alikuwa mama wa miwani, mezani ana rundo la CV refu kuliko ule mwamba wa Tororo. Akachukua yangu, akasoma kwa sauti: "Aina ya bidhaa: mpishi, mmoja. Asili: Lunyo. Hali: imetumika, bado inafanya kazi."

Karani wake akatoka nje kucheka. Mimi jasho lilinitoka la kuchemsha gunia la viazi. Nikajua nimekwisha, watoto wanarudi nyumbani kuchunga mbuzi.

Mama akafika kwa kasoro. Akaweka kidole kwa mstari wa mwisho.

"Mzee, hii ya samaki ni kweli?"

"Madam, samaki aliyelala hata paka simpi. Namwonea huruma."

"Mpishi aliyeondoka aliandika anapika kila kitu. Akapika kila kitu kweli. Wageni wa harusi walikesha chooni." Akavua miwani. "Keki tunanunua. Tambi hapa hakuna anayeuliza. Kesho uje na aproni."

Nilitoka pale nikicheka peke yangu. Nikakaa chini kwa geti, mtu wa boda akadhani nimelewa. Nikapiga simu nyumbani, mama watoto akauliza, "Wamekataa?" Nikamwambia, "Mzigo umepita."

Nilipika Tororo mpaka magoti yakakataa ngazi. Sasa napumzika Lunyo, nakula vya kupikiwa na kuvisema vibaya kwa sauti ndogo. Wewe unayeandika CV, andika pia kile hupiki. Mimi kilinilisha.

Kitinda mimba wangu alimaliza masomo nikiwa bado kazini. Siku hiyo nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikalala mchana kweupe. Wanasema nilikoroma mpaka ng'ombe wa jirani wakahama.