Wimbo wa Watoto Mashahidi

Winfred Mwende alikuwa yaya katika nyumba moja ya Muaither, pembeni mwa Doha, akilea mapacha wa familia ya Kiqatari. Kwao ni Kitui. Kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alipanda basi kwenda kanisani kuimba katika kwaya ya Kiswahili, na wenzake walimjua kama mtu wa vicheko tu.

Krismasi ilipopita, kwaya ilibakiwa na sikukuu moja: ya Watoto Mashahidi, wale wachanga wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Padre alikubali waimbe Ijumaa, kabla hajawabariki watoto. Winfred ndiye aliyewafundisha wimbo wa kwao, wa polepole kama wa kubembeleza mtoto, usio na ngoma wala kinanda.

Kwenye mazoezi ya mwisho Cornelius, mwalimu wa kwaya, alisema, "Hannah ataanzisha. Sauti yake inafika mbali."

"Mwalimu, huu hauanzishwi na mwenye sauti," Winfred akasema. "Kwetu huanzishwa na mama aliyezika mtoto."

Cornelius akakuna kichwa. "Sasa huyo tutamtoa wapi, dada?"

Winfred alitazama viatu vyake. "Niko."

Hannah alisogea kando, akampisha mahali pa mbele.

Ijumaa kanisa lilijaa. Wazazi walisimama wamepakata watoto wao, wengine wakihangaika kuwatuliza. Winfred akaanza:

*Nyamaza mwanangu, nyamaza,*
*askari wamekwisha pita,*
*mikononi mwa Bwana ulale.*

Katika ubeti wa pili sauti ilimkwama. Nyimbo za kubembeleza alikuwa akiwaimbia mapacha kila siku, na haikuwahi kumtokea hivyo. Ndipo Hannah akauchukua ubeti uleule, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na Winfred akaelewa bila kuambiwa. Waliumaliza wimbo wameshikana mikono.

Baada ya ibada Cornelius aliwafuata uani. "Poleni sana. Sikujua. Winfred, aliitwa nani?"

"Levis." Tangu afike Doha hakuwa amelitamka jina hilo mbele ya mtu. "Alikuwa hata hajaanza kutambaa. Alipenda kushika watu pua."

Hannah akacheka huku bado akilia.

"Wangu alikuwa msichana," akasema. "Njoo tukae pale kivulini, nikuambie habari zake."