Ng'ombe wa Miguu Mitano wa Sigino

Sikutaka kuandika haya. Sabaha amenijia mara ngapi sijui, "Bibi, shikamoo, andika wewe, wewe ndiye jirani," na mkono wangu umezoea jembe, kalamu naishika kama mwiko. Lakini mtu akikaa mlangoni kwako anaomba mpaka chai inapoa, utafanyaje? Basi someni, na atakayecheka herufi zangu aandike yeye.

Xaveria, ambaye Sigino yote inamwita Mama Irine, alishuka kutoka Mbulu akiwa bibi harusi, akaikuta nyumba ya udongo isiyo na hata mstari mmoja. Mama yake hakuwahi kulala kwenye kuta tupu, na yeye hakuwa tayari kuanza. Akachimba udongo mwekundu bondeni, mweupe akauomba kwa watu, masizi akayakwangua kwenye sufuria, akachora maua na mabuyu mpaka chini ya paa. Mvua huyafuta. Kila zikiisha anakandika upya na kuchora upya.

Mtoto alikuwa mmoja, Irine. Alikuwa hajaanza shule siku alipochovya kidole kwenye masizi akachora ng'ombe chini kabisa ya ukuta, pale mkono wake ulipofika.

"We Irine, ng'ombe gani huyu? Mbona ana miguu mitano?"

"Mama nawe! Huo mmoja ni mkia. Umechoka, ndiyo maana umeshuka."

Xaveria alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka huohuo homa ikamchukua mtoto.

Tangu hapo alikandika ukuta wote isipokuwa pale chini. Mvua zikikaribia anaegemeza bati limkinge yule ng'ombe. Hakumweleza mtu sababu. Mama huyo ana kiburi cha namna yake, machozi anayameza na uji asubuhi, mambo yamekwisha.

Sabaha alikuja Sigino kupaka hina kwenye harusi. Ni binti wa duka la vitenge pale mjini. Akapita mbele ya ukuta, akasimama, hina ikamkaukia mkononi.

"Shikamoo mama. Haya umechora wewe?"

"Marahaba. Kwani unamwona mwingine hapa?"

Wakapatana kwa ukali huohuo. Sabaha akawa anakuja kila juma, wanatandika mkeka chini ya ukuta, huyu anachora hina kwenye karatasi, yule anamfundisha kukoroga udongo. Akaja Rosa wa kijiji cha Mutuka, mchoraji wa vibuyu, mwenye mdomo kama redio. Wakaja wanawake wa Nakwa. Waume wakasema hicho ni kikundi cha umbea. Umbea gani unaandikishwa halmashauri? Wakapata chumba karibu na soko, chumba kikajaa, wakapata ukumbi wenye bango. Wanawake waliokuwa wakichora wamejificha, picha zao zikatundikwa watu wakaja kuzitazama. Na kila mgeni aliletwa Sigino kwanza. "Hapa ndipo tulipoanzia," Sabaha anasema, na Mama Irine amesimama pembeni, shingo imenyooka.

Siku moja Sabaha akamuuliza, "Mama, mbona huku chini hukandiki?"

"Mgongo, mwanangu. Siinami tena."

Uongo mtupu. Asubuhi ileile nilimwona shambani ameinama anapalilia mahindi.

Mwaka jana Xaveria alifiwa na dada yake, akapanda Mbulu msibani. Kikundi kilikuwa kinangoja wageni wakubwa. Sabaha akawaambia wenzake, "Mama Irine mgongo unamtesa, na pale chini pamechakaa. Tumsaidie, akirudi akute tayari." Hakuna aliyekataa, kwa kuwa wanampenda. Na kwa sababu ni watu wa kazi, walifanya kazi safi. Walikwangua chini kote, vumbi wakalifagia, wakakandika, pakakauka. Wakapaka rangi ya mafuta ya dukani, isiyofutwa na mvua. Wakachora ng'ombe wanene, wazuri.

Mama Irine aliporudi walimpokea kwa vigelegele. "Pole na msiba, mama! Njoo uone zawadi yako!"

Akatazama. Akatazama tena.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Wa miguu mitano."

Rosa akacheka. "Ah, yule! Yule tumemstaafisha, mama. Sasa wote wana minne minne!"

Wakacheka wote. Sabaha peke yake aliona uso ule, akamsogelea. "Mama Irine, yule ng'ombe... alimchora nani?"

Mama Irine aliuliza tu vumbi lilimwagwa wapi. Wakamwonyesha, kwenye migomba. Akaenda, akainama. Akainama mpaka uso ukakaribia ardhi, akapekua udongo kwa vidole, na wale wanawake wote wakauona mgongo ule ulivyo mzima. Ndipo wakaelewa.

Hakumfokea mtu. Ukumbini anakwenda mpaka leo, anafundisha wasichana kukoroga udongo. Lakini ukuta wake hauchori tena. Masika yameyaondoa maua yote ya juu, wamebaki chini ng'ombe wa rangi ya mafuta, wanang'aa.

Sabaha anakuja kila juma. "Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe. Lakini sichori."

Sabaha amepekua simu za kikundi kizima akimtafuta yule ng'ombe. Kila mmoja alijipiga picha akiwa amesimama mbele ya ukuta, maua yanaonekana juu, na gauni limemfunika ng'ombe.

Sasa wewe unayesoma. Wageni mlikuwa wengi, mlishuka hapa na simu zenu, chai yetu mkanywa. Ifungue simu yako leo hii, usiseme kesho. Tafuta picha ya Sigino, usitazame uso wako, tazama chini karibu na viatu. Ukimwona ameshusha mkia wake uliochoka, usimtume kwa mtu. Panda gari, umlete mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama yake Irine.